Benki Kuu na Sanduku la Kikundi



Katika mikutano ya vikundi tunayohudhuria, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: hii Benki Kuu inayotajwa redioni kila siku ni ya nani, na mbona hatuoni mtu wa kwetu akienda kuweka pesa huko? Mama mmoja aliongeza swali gumu zaidi. Kama serikali ina mahali inapotengenezewa noti, mbona isitengeneze za kutosha ili kila nyumba ipate? Watu walicheka, lakini swali ni zuri, na nchi yetu iliwahi kuumia sana kwa sababu ya watu wakubwa waliofanya kama kwamba jibu lake hawalijui.

Basi somo la safari hii ni Benki Kuu ya Kenya. Tutalitazama kutoka pale mlipo ninyi, yaani kwenye lile sanduku la kikundi lenye kufuli tatu. Ni somo refu kidogo. Mnaweza kusomeana nusu wiki hii na nusu mkutano ujao.

SANDUKU LILILOFUNGULIWA OKTOBA

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, sherehe zikiwa Narok, Gavana wa Benki Kuu wa wakati huo, Dkt. Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya. Pamoja na hizo akatangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1000 itaacha kuwa pesa halali baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo huo. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikuguswa. Sababu aliyoitoa ni kwamba pesa za wizi na za magendo hufichwa kwa noti kubwa, na pia kulikuwa na noti bandia zilizokuwa zikisambaa. Watu walipewa miezi minne.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokijua kilikuwa na sanduku la kufuli tatu, na funguo zake zilikaa kwa watu watatu, kama tunavyofundisha. Mmoja wa wenye funguo alienda mjini mwezi wa Agosti kumuuguza binti yake, akakaa huko. Waliobaki hawakuwa na wasiwasi. Pesa si zimefungwa? Tangazo la redio walilisikia. Ila hakuna aliyeunganisha maneno ya redio na sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha mweka hazina. Lilipofunguliwa, tayari ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba. Ndani mlikuwa na noti 23 za shilingi elfu moja, safi kabisa, zimefungwa na mpira. Mwizi hakuzigusa wala panya hakuzigusa. Lakini mwenye duka alizikataa, benki ikazikataa, na mgao wa Desemba ukawa hakuna. Kuna watoto walioanza muhula wa Januari bila sare kwa ajili ya noti zile.

Hawakuwa peke yao. Hesabu ya Benki Kuu ilipofungwa, noti za 1000 zaidi ya milioni 7 hazikuwa zimerudi, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7. Wengi walisema hizo ni pesa za wafisadi walioogopa kuulizwa walizitoa wapi. Huenda nyingine ni hizo. Lakini sisi hatuamini kwamba zote zilikuwa za wafisadi. Ziko zilizokuwa ndani ya magodoro ya wazee na ndani ya masanduku kama lile. Kwa maoni yetu, miezi minne ilimtosha mtu wa Nairobi. Mzee aliye mbali na benki, asiyesoma gazeti, hakutendewa haki sawa na huyo wa mjini.

Tumelisimulia jambo hili kwa sababu linaonyesha noti ni kitu gani. Noti ni karatasi iliyobeba ahadi. Anayeisimamia ahadi hiyo ni Benki Kuu, na siku ikisema ahadi ya karatasi fulani imekwisha, imekwisha, hata kama kufuli zako ni kumi.

KABLA YA 1966

Wakati wa ukoloni, pesa za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitolewa na bodi moja iliyoundwa mwaka 1919, makao yake yakiwa London. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni ya Uingereza. Kwa hivyo mkulima wa pamba wa Kisumu na mvuvi wa Lamu walitumia pesa ambazo kiasi chake hakikuamuliwa na mtu yeyote wa kwao. Baada ya uhuru kila nchi ilitaka kushika usukani wake. Benki Kuu ya Kenya iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1966, na Septemba mwaka huo noti za kwanza za shilingi ya Kenya zikatoka.

Yenyewe haina mashine ya kuchapa noti. Huziagiza kwa kampuni. Kwa miaka mingi zilichapwa Ruaraka, Nairobi, na kampuni ya De La Rue, mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2023. Kazi yenyewe ya Benki Kuu ni kuamua pesa ziwe kiasi gani nchini, na hapo ndipo swali la mama yule linapoingia.

KWANI WASICHAPISHE TU?

Hebu fikirieni soko dogo la kijijini. Siku ya soko kuna gorogoro mia moja za mahindi, na wanunuzi wote kwa pamoja wana shilingi elfu kumi mfukoni. Kila gorogoro inauzwa kwa shilingi mia. Usiku apite mtu atie mara mbili ya pesa katika kila mfuko. Asubuhi kila mtu anaamka tajiri, anakimbia sokoni. Mahindi ni yale yale, gorogoro mia moja. Wanaanza kushindana, huyu anatoa mia na ishirini, yule mia na hamsini, na kufika saa sita gorogoro ni shilingi mia mbili. Hakuna aliyeshiba zaidi ya jana.

Sasa mtazameni mtu mmoja ambaye hakupata pesa za usiku: yule mjane aliyekuwa ameweka shilingi elfu moja ndani ya sanduku la kikundi. Jana elfu yake ilikuwa gorogoro kumi. Leo ni tano. Ameibiwa nusu na kufuli hazijavunjwa. Mtazameni na mwingine: yule aliyepata pesa mpya usiku wa manane na kununua mahindi mapema kabla ya wenzake kuamka. Huyo alifaidika. Ndiyo sababu kila mahali pesa zinapochapishwa ovyo, walio karibu na mlango wa Hazina hutajirika, na wa mwisho kuzipata hulipa gharama yao. Jambo hili huitwa mfumuko wa bei. Si dhambi ya mwenye duka, ingawa yeye ndiye hutukanwa.

Mambo haya si hadithi. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ulifanyika Desemba 1992, na pesa zilimwagwa nchini kununua kura, hata noti ya 500 ikabandikwa jina la mwanasiasa mmoja. Wakati huo huo, katika kashfa ya Goldenberg, serikali ililipa mabilioni kama fidia ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nchi za nje, wakati Kenya haikuwa na dhahabu na almasi za kiasi hicho. Benki Kuu, ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia, haikuzuia. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 46.

Tufanye hesabu hapo ubaoni, maana ni hesabu inayouma. Kitu kilichokuwa shilingi 10,000 kikafika shilingi 14,600. Kikundi kilichokuwa kimefungia shilingi 10,000 sandukuni mwanzo wa mwaka, mwishoni kilikuwa na noti zile zile, lakini nguvu yake ya kununua ilikuwa kama ya shilingi 6,850. Kwa kila mabati kumi waliyokuwa wamepanga kununua, walipata sita au saba. Mweka hazina hakula senti. Ni mahesabu gani ya kikundi yangeonyesha wizi huo?

Mwaka huo 1993 aliteuliwa Gavana mpya, Bw. Micah Cheserem. Dawa iliyotumika ilikuwa chungu. Ili kuzivuta pesa zile zirudi, serikali iliuza hati za Hazina, yaani ilikopa kwa wenye pesa, kwa riba iliyopita asilimia 80 kwa mwaka katikati ya 1993. Fikirieni: ni mfanyabiashara gani angekopa benki wakati huo? Baadhi ya benki zilizohusika na uchafu zilifungwa. Bei zikatulia baadaye, lakini deni la dawa ile lililipwa kwa kodi ya wananchi kwa miaka.

Ndiyo sababu baadaye sheria iliwekwa kwamba Benki Kuu haiwezi kuikopesha serikali zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida yaliyokaguliwa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inasema Benki Kuu haitaamriwa na mtu yeyote wala ofisi yoyote inapofanya kazi yake. Mwanasiasa akiwaambia kwenye mazishi kwamba yeye ataiagiza Benki Kuu itoe pesa kwa vijana, mpigieni makofi kama mnapenda, lakini mjue Katiba haimpi uwezo huo.

MLANGO WA MFEREJI

Mnaotumia mfereji wa kumwagilia maji mtaelewa haraka. Juu kabisa kuna mlango wa maji. Ukifunguliwa sana, mashamba ya chini yanafurika; ukifungwa sana, yanakauka. Benki Kuu imeshika mlango wa namna hiyo, na jina lake ni riba ya Benki Kuu. Kamati yake hukutana kwa kawaida kila miezi miwili kuamua riba hiyo iwe ngapi. Ikipandishwa, benki zinapandisha riba za mikopo, watu wanakopa kidogo, pesa zinapungua sokoni, na bei zinapunguza mbio. Ikishushwa, mambo yanakuwa kinyume chake. Lengo lililowekwa ni mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka, usishuke chini ya 2.5 wala kupita 7.5.

Mwaka 2011 tuliona mlango huo ukichelewa kufungwa. Ukame ulikuwa mkali, mafuta yalikuwa ghali duniani, na Oktoba mwaka huo dola moja ilifika shilingi 107. Novemba mfumuko ulikaribia asilimia 20. Miezi hiyo Benki Kuu ilipandisha riba kwa kasi, kutoka 7 hadi 11, kisha 16.5, na Desemba ikawa 18. Kufika mwisho wa 2012 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 4. Lakini waulizeni walimu waliokuwa na mikopo ya benki mwaka 2012 walivyoona payslipi zao. Hivi karibuni tena, dola ilipopita shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, riba ilipandishwa hadi 13 mwezi wa Februari, na kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kushushwa kidogo kidogo.

Yako mambo ambayo mlango huo hauwezi. Benki Kuu hainyeshi mvua. Haipangi bei ya petroli, haitungi kodi, na hesabu ya serikali ikope kiasi gani si yake. Mahindi yakikosekana kwa ajili ya ukame, hata riba ya 50 haitaotesha hata mmea mmoja. Tunasema hivi kwa sababu watu wengine wanailaumu kwa kila kitu, na wengine hawailaumu hata kwa lile lililo kazi yake kabisa.

Na hapa turuhusuni neno moja la pembeni. Tumewasikia wanakikundi wakilalamika vikali kwamba riba ya benki ni ya unyonyaji. Tukafungua kitabu cha mikopo cha kikundi chao wenyewe, tukakuta asilimia 10 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 120! Tunajua mtasema faida inarudi kwetu wenyewe wakati wa mgao. Ni kweli, lakini hairudi sawa: mkopaji wa kila mara ni mwenye shida, na mwenye hisa nyingi ndiye hubeba faida. Liangalieni jambo hilo kabla ya kuandika barua Nairobi.

ANALINDA NANI, NA NANI HALINDI

Benki Kuu ndiyo hutoa leseni kwa mabenki na kuyakagua. Pia iko juu ya benki ndogo za mikopo midogo, kampuni za kutuma pesa kwa simu kama M-Pesa, maduka ya kubadilisha pesa za kigeni, na tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2021, wakopeshaji wa kwenye simu. Hawa wa mwisho walikuwa wamewatesa watu, kumpigia simu mama mkwe wako kumwambia una deni. Sasa lazima wawe na leseni, na Benki Kuu hutoa orodha ya wale walioipata. Kijana wenu mwenye simu nzuri anaweza kuitafuta orodha hiyo kabla mtu hajakopa.

Ukaguzi si kinga ya kila kitu. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, zilifungwa au kuwekwa chini ya msimamizi, na watu walikaa miaka wakingoja pesa zao. Kwa ajili ya mambo kama hayo kuna shirika la kulinda amana, KDIC. Benki ikianguka, kila mwekaji hulipwa hadi shilingi 500,000 kwa kila benki. Kabla ya Julai 2020 kiwango kilikuwa shilingi 100,000 tu. Kwa kikundi cha kijijini, laki tano mara nyingi zinatosha kufunika akaunti nzima.

Lakini sikilizeni vizuri. SACCO haiko chini ya Benki Kuu. Zile zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA, na bima ya KDIC haizihusu. Kikundi chenu nacho, hata kiwe kimesajiliwa na kina cheti ukutani, hakikaguliwi na Benki Kuu. Mkaguzi wenu ni ninyi wenyewe na kile kitabu. Na mtu anayekuja kijijini kuwaambia mlete elfu tano mrudishiwe elfu kumi baada ya miezi mitatu, huyo hana mkaguzi hata mmoja. Miaka ya 2006 na 2007 michezo hiyo ya piramidi ilimaliza akiba za watu wengi nchini, na mingine ilifungua mikutano kwa sala na kujiita ya maendeleo. Inatuchoma moyo kusema kwamba baadhi ya waliowaleta watu walikuwa viongozi wa makanisa. Mtu akidai pesa zake zinalindwa na Benki Kuu, mwambieni alete leseni, kisha mmoja wenu aende kuhakikisha. Na Benki Kuu haimpigii mwananchi simu kumwuliza nambari ya siri. Anayefanya hivyo ni mwizi.

TURUDI KWENYE SANDUKU

Hata Benki Kuu ikifanya kazi yake sawasawa, lengo lake bado ni asilimia 5, si sufuri. Maana yake pesa iliyolala inapungua polepole. Shilingi 10,000 ikilala miaka kumi bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, itanunua kitu cha kama shilingi 6,100 za leo. Yule mtumishi wa Injili aliyechimba shimo akafukia talanta ya bwana wake alidhani ameihifadhi. Bwana wake alimwuliza mbona hakuiweka kwa watoao riba.

Sandukuni ziwekwe pesa za dharura na za mikopo ya wiki zile, basi. Pesa inayozunguka kwa wanachama kila wiki haipati nafasi ya kuoza. Inayongoja mwaka mzima kwa ajili ya mradi iende benki au SACCO yenye leseni, au inunue kile kitu mapema, mabati, mbuzi, mbegu, kabla bei haijasogea. Angalau mara moja kwa miezi mitatu sanduku lifunguliwe na noti zitazamwe moja moja, na kila mwenye ufunguo awe na mtu wa kumshikia akisafiri. Noti iliyochakaa au kuchanika ipelekwe benki, isiachwe humo.

Jambo moja zaidi, ambalo vikundi vingi havijaliona. Katika mzunguko wa pesa, wa kwanza na wa mwisho hawapati kitu kimoja. Kama mko ishirini na kila mwezi mmoja anapewa, wa kwanza anapokea pesa za leo, na wa ishirini anapokea kiasi kile kile baada ya karibu miaka miwili, bei zikiwa zimepanda. Kwa mfumuko wa 5 tofauti ni ndogo, atapoteza kama shilingi 7 au 8 kwa kila mia. Kwa mfumuko kama wa 1993 angepoteza karibu nusu. Vikundi vingine hupiga kura upya kila mzunguko. Vingine humtanguliza aliyekuwa wa mwisho safari iliyopita. Tumeona pia vile ambavyo mwenyekiti huwa wa kwanza kila mara, na hakuna anayeuliza.

YA KUJADILIANA MKUTANONI

Sanduku letu lilifunguliwa lini mara ya mwisho, na noti zilizomo ni za mwaka gani? Mwaka jana tarehe kama ya leo, gorogoro ya mahindi ilikuwa pesa ngapi hapa kwetu, na mchango wa kikundi ulikuwa ngapi? Riba ya mikopo yetu kwa mwezi ukiizidisha mara kumi na mbili inafika ngapi, na nani hasa anailipa? Katika mzunguko wetu, nani alikuwa wa mwisho?